Kabuti la Mtani

Isevya, Tabora

Nyamizi mama yangu,

Mambo ya safari shangazi yako ameshakueleza yote, na mengine ameyarudia mpaka umemkimbia jikoni. Mimi sina la kuongeza. Hata ningekuwa nalo, mimi si mtu wa kumwelekeza mwenzake namna ya kusafiri. Utaona kwa nini.

Jioni hii umeniuliza kama naumwa, nikasema jino. Haikuwa jino. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, na ulipoinuka kuondoa vyombo nikajua kwa mdomo sitaweza, kama nilivyoshindwa miaka yote. Basi naandika. Karatasi hizi nitazitia chini kabisa ya begi, chini ya zile khanga za mama yako, uzikute ukishafika. Ukizikuta njiani utashuka urudi kuniuliza, na mimi sina majibu zaidi ya haya.

Siku ile ulitoka mbio ofisi ya elimu, ukapiga kelele tangu kwa jirani: "Baba! Wamenipangia Kisarawe! Nakwenda kufundisha Uzaramo!" Ulinikuta nimesimama, nikakaa juu ya kinu. Ukanicheka, ukasema, "Baba jamani, mbona umekaa? Kisarawe si ng'ambo." Nikacheka na mimi. Lakini nilikuwa na sababu ya kukaa. Ng'ambo nilikwenda mimi, na huko Kisarawe kuna bibi mmoja anayedhani nilirudi kama mwanamume.

Nianze na lile unalolijua, ambalo hujanisamehe.

Siku tuliyomzika mama yako alikuja Mzee Kondo, yule Mzaramo wa reli. Unakumbuka alivyokuja. Amevaa gunia, sufuria kichwani, anapiga kelele tangu barabarani: "Wanyamwezi wangu, leo mmepungua mmoja! Sasa nani atanibebea mizigo mpaka Bagamoyo?" Wanawake waliokuwa wamelia mpaka sauti zimekauka wakaanza kucheka. Akaruka ndani ya kaburi, akajinyoosha chali, akakunja mikono kifuani. "Ah, hapa ndipo pazuri. Hapa hakuna foleni ya sukari. Sitoki mpaka mnipe jogoo." Na wewe, Nyamizi, ukatabasamu. Nilikuona. Tangu mama yako alale kitandani sikuwa nimeona meno yako.

Nikaruka mle ndani nikamkwida yule mzee, nikamtoa, nikampiga kibao mbele ya watu wote. "Toka! Toka kwa mke wangu!" Mzee Kondo alisimama na udongo usoni, akasema taratibu tu, "Mtani, nimekukosea nini?" Halafu akachukua sufuria yake akaondoka. Tukamzika mama yako kimya kama tunaficha kitu.

Ulikuja ukaniuliza, "Baba, kwa nini umempiga mtani?" Nikakwambia ingia ndani. Hukuuliza tena kwa mdomo. Umekuwa ukiniuliza kwa macho mpaka leo, na wajomba zako hawajaacha kusema kwamba niliudhalilisha msiba wa ndugu yao. Wana haki.

Sasa sikiliza sababu. Si kisingizio, mayo, mama yangu. Ni sababu tu.

Nilipokuwa nasoma hapa Tabora, nilikuwa na rafiki, Pazi, mtoto wa Kisarawe. Mzaramo mrefu, mwembamba, ana pengo la meno hapa mbele. Siku ya kwanza bwenini alisimama mlangoni akauliza, "Mnyamwezi yuko wapi humu? Nimechoka, nataka wa kunibebea sanduku." Nikamjibu, "Wazaramo wamefika, ficheni chakula, hawa hawalimi." Ikawa basi. Tukawa hatuachani.

Wewe umekulia katika nyumba ambayo haina utani, na hiyo ni kazi yangu, kwa hiyo nikwambie ninavyoufahamu. Mababu zetu walipokuwa wakishusha meno ya tembo pwani walipita kwa Wazaramo. Walinyimana maji, wakapigana, wakauana, mwisho wakakubaliana kwamba kuanzia hapo watatukanana tu. Ndiyo maana mtani anakutukana na hukasiriki. Anaingia kwako anachukua kitu, anasema, "Hiki changu," na wewe hugombi. Ukigomba umekuwa mtoto, umeshindwa. Unachoweza ni kumrudishia mzaha mkali zaidi mpaka acheke na aachie. Lakini ukifa, mtani ndiye wa kwanza kufika. Anachimba, anabeba, anaingia kaburini kabla yako kukulalia mahali pako, anafanya vituko watu wacheke. Aliyezikwa bila mtani wakati mtani wake yupo, kwa watu wetu huyo amezikwa kama mtu asiye na watu.

Pazi alikuwa na kabuti. Lile koti zito la jeshi, la sufu, linafika chini ya magoti. Baba yake alirudi nalo kutoka vita vya Bama, alikopigania jeshi la Waingereza, akafa, mama yake akamwekea mpaka alipopata nafasi ya shule, akampa aje nalo bara. Mtoto wa pwani na kabuti! Tabora yenyewe hii, jua linavyochoma. Tulimcheka kila siku. Naye alilikunja vizuri, akalilalia kama mto.

Ilikuja likizo ndefu ya kwanza baada ya uhuru. Uhuru ulikuwa bado mbichi, mwanangu, sisi vijana tulitembea vifua mbele kana kwamba tuliuleta wenyewe. Pazi alikuwa aende kwao. Mama yake alikuwa anamngoja, nyumba ameipaka chokaa. Mimi nikamwambia twende upande wa pili, twende Kigoma, tuvuke ziwa, tukaone Usumbura. Huko Warundi walikuwa bado chini ya Wabelgiji. Nikamwambia, "Twende tukawaonyeshe mtu huru anavyofanana."

Akasema, "Mama ananingoja."

Nikamwambia, "Mama yako utamwona likizo ijayo. Au Mzaramo anaogopa maji yasiyo na chumvi?"

Ndivyo nilivyomchukua. Kwa mzaha. Hata hilo nililifanya kwa mzaha.

Usumbura palitushangaza, siwezi kusema uongo. Magari yalipita upande wa kulia, na Pazi alisimama barabarani akawacheka madereva kwamba wamepotea njia. Tulikula mikate mirefu kama mpini wa jembe. Tulifikia kwenye mtaa wa Waswahili, kwa Mzee Ramadhani, mtu wa Ujiji aliyekuwa na lori lake, anayepandisha samaki wakavu na chumvi milimani na kushuka na maharage. Mkewe alitupikia, na kila jioni watoto wa mtaa walikuja kusikiliza Mzaramo na Mnyamwezi wanavyotukanana. Tulikuwa kama sinema. Nami nikaipenda hiyo. Nilipenda kuchekewa. Wewe hujanijua hivyo, lakini baba yako alikuwa mtu wa kuchekesha watu.

Siku moja Mzee Ramadhani akasema anapanda milimani, tukitaka tupande juu ya mzigo tukaone nchi. Asubuhi hiyo, Pazi yuko bafuni, nikachukua kabuti lake nikalivaa. Alipotoka akanikuta nimesimama uani nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni, mke wa Mzee Ramadhani hana mbavu kwa kucheka.

"Hili nimeliteka," nikasema.

Pazi akaninyooshea kidole. "Mwacheni. Mpagazi amezaliwa na mzigo. Mtumwa wangu, libebe mpaka juu, nikifika nitalivaa."

Yeye alikuwa na shati jeupe la shule.

Nyamizi, mimi sikujua baridi ya milima. Wewe nawe huijui. Tulianza kupanda kuna jua, na kadiri tulivyopanda mawingu yakaja chini yakatukuta, halafu mvua, mvua nyembamba isiyokatika, na upepo. Juu ya magunia tulikuwa sisi na vijana wa kupakua mizigo. Wao walikuwa na blanketi zao. Mimi nilikuwa na kabuti. Pazi akajikunja kando yangu.

Akasema, "Mtumwa, mzigo haujakuelemea? Tua nikupokee."

Nikamjibu, "Mpagazi wa Unyanyembe hatui mpaka aone bahari."

Wale vijana wakacheka. Lori likaendelea. Baada ya muda akasema tena, "Mtani, hilo kabuti linalia. Linamtaka mwenyewe."

"Linalia kwa furaha," nikasema. "Leo ndiyo limevaliwa na mwanamume."

Wakacheka zaidi. Mmoja alinipiga bega. Nikajiona mfalme. Tukapanda. Meno ya Pazi yalikuwa yanagongana, na mimi niliyasikia, nikaigiza mlio wake nikawachekesha tena. Akasema, sasa sauti yake iko chini, "Basi tulifungue, tujifunike wote wawili."

Nami nikasema, "Hapana, bwana. Nikilala nguo moja na Mzaramo ataniambukiza uvivu, na kwetu kuna mashamba."

Hapo akanyamaza.

Nimelirudia neno hilo kichwani miaka yote hii, akanyamaza. Alikuwa hawezi kuniomba kwa namna nyingine. Angeniambia, "Rafiki yangu, nasikia baridi, nipe koti la baba yangu," angekuwa amegomba, angekuwa ameshindwa mbele ya watu. Mzaha ndio mlango pekee aliokuwa nao, akabisha hodi, akabisha tena, na mimi kila mara nilijibu kutoka ndani kwa kicheko. Na aliponyamaza unajua nilidhani nini? Nilidhani nimemshinda.

Lori likaharibika huko huko juu ya mgongo wa mlima. Tukalala hapo. Wale vijana walituita kwenye blanketi zao, mimi nikasema Mzaramo hafai kudekezwa. Nililala vizuri. Hilo nalo nimekuandikia, usije ukadhani nilikesha. Nililala vizuri sana, nimefunika kichwa.

Kulipopambazuka Pazi alikuwa wa moto. Nikalivua kabuti nikamtupia, na hata hapo, hata hapo Nyamizi, nikasema, "Haya chukua, nimechoka kubeba." Alinitazama tu.

Mzee Ramadhani alitengeneza lori akamshusha mgonjwa mbele, pale pa dereva. Nyumbani kwake wakamkanda kwa maji ya moto, wakampeleka zahanati, wakaambiwa ni mapafu, wakapewa dawa. Mke wa Mzee Ramadhani alimuuguza kama mtoto wake. Mimi nilikaa uani. Nilikuwa naingia, namtazama kifua kinavyopanda, natoka. Siku moja aliniita. Akaniambia kwa shida, pengo lake linaonekana, "Mtani, ukiingia kaburini kwangu usijinyooshe sana. Wewe mzito. Utanibomolea nyumba."

Nikasema, "Nyamaza, hufi."

Akasema, "Nataka jogoo wako awe mkubwa." Alikuwa anacheka. Baada ya yote niliyomfanyia alikuwa ananitania bado, yaani alikuwa ananisamehe, au alikuwa ananipa kazi ya kufanya ili niweze kuishi. Sijui lipi kati ya hayo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia neno moja la kweli. Nikamrekebishia mto nikatoka.

Alikufa asubuhi. Mzee Ramadhani akaja uani akanishika bega. "Kijana, kuosha tutaosha wenyewe. Lakini wewe ni mtani wake, na kazi yako unaijua. Kaburi linachimbwa. Tutakungoja uingie wewe kwanza, halafu ndiyo tumteremshe."

Nikasema, "Ndiyo, Mzee. Nakwenda kununua sabuni, narudi."

Mvua ilikuwa inanyunya. Kabuti lilikuwa limening'inia kwenye msumari mlangoni, nikalivaa bila kufikiri. Nikatoka nje ya mtaa, nikapita dukani, sikusimama. Nikaenda mpaka bandarini. Nikapanda meli.

Usiniulize niliogopa nini. Nimejiuliza mwenyewe kuliko utakavyoniuliza. Hakuna aliyenishtaki. Wale vijana wa lori waliona utani tu. Mzee Ramadhani alidhani ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Labda ni hivi tu: mtani anaingia kaburini ili achekeshe waliobaki, na mimi nilikuwa nimeshachekesha. Mzaha wote niliokuwa nao nilishautumia juu yake akiwa hai anatetemeka. Sikuwa na mwingine.

Kwa hiyo mpaka leo sijui Pazi amelala wapi. Mara nyingi namwona Mzee Ramadhani amesimama pembeni ya shimo, watu wamebeba jeneza, wanabadilishana mabega, na yeye anatazama barabarani.

Shuleni nilisema aliugua homa, akafa, tukamzika vizuri. Walimu wakaandika kwao. Nikadhani yamekwisha.

Mama yake akaja. Alipanda treni kutoka pwani na kaka yake, akashuka hapa Tabora, akauliza nyumba kwa nyumba mpaka kwa babu yako, kule Sikonge, nilikokuwa nimepumzika. Ilikuwa mchana, nimekaa chini ya upenu nakoboa mahindi. Naona mwanamke mfupi amejitanda kaniki, ana pengo la meno hapa mbele. Nikajua kabla hajasema.

Hakuja na kilio. Alikuja na utani. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akasema, "Wewe mtumwa! Unapokea wageni umekaa? Mwanangu umempeleka wapi?"

Nikasema, "Shikamoo mama."

"Sitaki shikamoo ya mpagazi. Nijibu. Ulimzika?"

"Ndiyo, mama."

"Uliingia?"

Kila mtu wa nyumba alikuwa ametoka, babu yako, shangazi yako akiwa msichana. Nikamtazama yule mama. Macho yake hayakuwa na mzaha hata kidogo. Mdomo ulikuwa unatania, macho yalikuwa yanashikilia kitu yasianguke. Nikasema, "Niliingia, mama."

"Ukafanyaje? Nisimulie. Nimepanda treni yote ile nije nisikie hilo."

Nikamsimulia, Nyamizi. Nikasimulia kaburi ambalo sikuliona. Nikasema nilijinyoosha chali, nikawaambia Waswahili wa Usumbura kwamba hapa ndipo pazuri, Mzaramo hastahili nyumba nzuri hivi, sitoki mpaka mniletee jogoo, na jogoo awe mkubwa. Nikasema walileta jogoo mdogo nikamkataa. Nikasema walinivuta miguu. Nilisimulia vizuri, nilikuwa hodari wa hayo. Na yule mama akacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, akacheka mpaka kicheko kikageuka, akakaa chini kwenye maganda ya mahindi akalia kilio ambacho alikuwa amekibeba tangu pwani. Kaka yake akaniambia, "Ahsante, mtani. Tangu habari ifike hajalia."

Alipotulia aliuliza, "Na kabuti la baba yake?"

Shangazi yako, mtoto wa watu, akakimbilia ndani akalileta, alikuwa ameliona darini.

Yule mama alilipokea, akalinusa kwenye kola, akalikung'uta. Akasema, "Ulilichukua msibani?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Ni haki yako. Mtani akichukua msibani hadaiwi." Halafu akasimama juu ya vidole, maana mimi mrefu, akanivalisha mwenyewe. Akafunga vifungo. Akafunga mpaka kile cha shingoni. "Vaa," akasema. "Wewe ndiye uliyemfunika mwanangu."

Jua lilikuwa kali. Nilisimama ndani ya lile kabuti jasho linanitiririka, watu wananitazama kwa heshima.

Sikulivaa tena. Nililirudisha darini. Nikaacha utani na kila mtu, watu wakadhani nimekua. Nikamwoa mama yako, akadhani ameolewa na mtu mpole. Nyinyi mlipozaliwa nikawakataza michezo ya kunyang'anyana, unakumbuka, hata kiatu mtu akimficha mwenzake nilichapa, mkadhani baba ana roho mbaya. Nilikuwa kila nikiwasikia mnacheka nasimama nisikilize kama kuna mmoja amenyamaza.

Ilipokuja operesheni ya vijiji, tukahamishwa kutoka kwa babu yako haraka haraka, paa likabomolewa, sikukumbuka kabuti, au nilikumbuka nikaliacha. Nilirudi baadaye kwa baiskeli. Mchwa walikuwa wamelila. Vilibaki vifungo, vile vya shaba, kwenye udongo. Nikasema afadhali. Halafu nikakaa pale kwenye magofu nikaona kwamba nilichokuwa nacho cha kurudisha nacho kimekwisha.

Yule mama yu hai. Anaitwa Bi Mwanahawa. Kila Mzaramo wa reli anayeshuka hapa huniletea salamu zake: "Mwambieni mtumwa wangu aliyenizikia, nipo." Mzee Kondo ndiye aliyekuwa akizileta zaidi. Huyo niliyempiga. Sasa unaelewa alichonikosea. Alifanya mbele yangu, kwa moyo mweupe, kitu kile kile nilichosema nilikifanya. Alijinyoosha vile vile. Akaomba jogoo.

Utafika Kisarawe, watakuuliza wewe wa wapi, utasema Tabora, na sidhani jua litazama kabla hawajakupeleka kwake. Hao watu wanamjua Mnyamwezi mmoja tu. Watakuita mtumwa, watakunyang'anya kikapu, watakuambia uwabebee maji. Cheka nao. Ni watu wazuri kuliko mimi. Atakupikia wali wa nazi, atakulaza kitandani kwake. Na atakwambia, mbele ya wajukuu na majirani, "Haya, mtoto wa mtani, tusimulie baba yako alivyoingia kaburini kwa mwanangu." Maana hiyo ndiyo hadithi ya nyumba ile. Hayo ndiyo maziko pekee aliyonayo.

Ukisimulia, utakuwa umekula chakula chake kwa uongo wangu. Ukimwambia kweli, utamzika mwanawe upya, safari hii bila mtu. Nimeligeuza hili kila upande, sioni pa kutokea. Lile kaburi nililolikimbia, mwanangu, ndimo ninamokutumbukiza wewe. Ningeweza kukaa kimya ukaenda ukaitikia hadithi yao bila kujua, na nilitaka kufanya hivyo, nilitaka sana. Lakini ningekuwa nimekupandisha juu ya lori na shati jeupe.

Sikuombi unisamehe. Aliyekuwa na uwezo huo alijaribu, kwa mzaha, na mimi nikamrekebishia mto. Wala sikwambii la kusema, sina haki ya kukutilia neno mdomoni. Watu hurudi safari za ng'ambo na mambo mengi ya kufundisha wenzao. Mimi nilirudi na koti la mtu na jambo moja, nalo nililijua nimeshachelewa.

Kesho stesheni nitakuwa kimya. Utadhani ni jino.

Atakapokuuliza yule bibi, usikimbilie kujibu, na usisikilize maneno yake tu, maana mdomo wake utakuwa unatania. Mtazame usoni kwanza. Mtazame mpaka uone anachoomba.

Pazi alikuwa kando yangu, bega kwa bega, njia nzima ya kupanda. Mimi nilikuwa nawatazama waliokuwa wanacheka.

Baba yako